Kidole Gumba cha Fundi Kisidharauliwe

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau mwiba kwa majuma matatu mazima, na tende lenyewe likawa gari langu kuukuu aina ya Ford Escort, la mwaka wa 1976, nililoachiwa na marehemu baba. Vijana wa leo huenda wasilijue gari hilo, lakini wazee wenzangu watakumbuka kwamba ni Escort iliyompa Hannu Mikkola ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1972, na Björn Waldegård mwaka wa 1977.

Langu halikuwa la mashindano. Lilinizimikia asubuhi moja huko Makina, mtaani Kibera. Fundi mmoja kijana, ambaye karakana yake ni turubai na sanduku la spana, aliichomoa distributa ili abadilishe pointi zilizolika, kisha akairudisha. Tangu hapo gari halikuwaka. Lilikohoa, likapiga mafataki kupitia kabureta, likanyamaza. Nikalivuta hadi gereji moja kubwa yenye sakafu ya vigae. Huko nikaelezwa, kwa Kiingereza fasaha na kwa karatasi yenye muhuri, kwamba injini imekufa na sina budi kununua nyingine.

Makala haya nisingaliyaandika lau jirani yangu asingalinishauri nimwone mzee mmoja wa Kawangware, anayefanya kazi chini ya mti kando ya barabara ya Naivasha, si mbali na kituo cha 46. Mzee hakuniomba karatasi yoyote.

"Mwalimu, gari lilikuwa likiwaka kabla ya distributa kutolewa?" akaniuliza.

"Lilikuwa likiwaka, mzee, ila kwa kusitasita."

"Basi halijafa. Limepotezwa saa tu."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua boneti, distributa ndiyo mgawaji wa cheche. Huipokea nguvu ya umeme kutoka kwenye koili na kuipeleka kwa plagi ya kila silinda kwa zamu. Cheche ikifika mapema mno au ikichelewa, petroli haina faida. Ndiyo maana mafundi husema wanapanga taimingi, yaani wanaipa injini saa yake.

Mzee alianza kwa kuitoa plagi ya silinda ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, akaliziba tundu lake kwa kidole gumba. Mwanafunzi wake akawa anaizungusha injini polepole kwa spana. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo gereji ya vigae haikunipa. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila duru ya kazi: mara moja ikiukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na mara nyingine ikiutoa moshi. Alama iliyochongwa kwenye puli hulingana mara zote mbili, wala haikuambii ipi ni ya kweli. Kidole ndicho kijuacho. Pistoni inapokandamiza, hewa hukisukuma kidole kwa nguvu. Inapotoa moshi, vali iko wazi na kidole hakisikii kitu. Kijana wa Kibera alikuwa ameiamini alama ya uongo.

Baada ya hapo distributa ikarudishwa. Meno ya gia yake yamekatwa mshazari, kwa hiyo rota hujizungusha kidogo inapoteremka. Mzee aliianzisha nyuma kidogo ya mahali alipopataka, nayo ikatulia ikiielekea waya wa silinda ya kwanza. Akapima nafasi ya pointi. Akaunga balbu ya volti 12 kati ya koili na bodi ya gari, akafungua swichi, akaigeuza distributa taratibu hadi balbu ikawaka papo hapo pointi zilipoachana, kisha akaikaza bolti.

Kosa la pili lilikuwa kwenye waya. Zilipangwa kwa zamu ya 1-3-4-2, ambayo ndiyo ya Toyota na Datsun nyingi alizozizoea kijana yule. Injini ya Escort yangu hutaka 1-2-4-3. Waya mbili zikabadilishana mahali, na gari likawaka kwa mpigo wa kwanza.

"Ukiteremka Mombasa ukalisikia likigonga linapopanda mlima, irudishe nyuma kidogo," mzee akaniusia. Usia huo una sababu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini huvumilia cheche ya mapema kuliko pwani. Akadai shilingi 800.

Sasa nalitoa dukuduku langu. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka wa 1972, iliyolieneza jina la sekta isiyo rasmi, hadi waraka wa serikali wa mwaka wa 1992 kuhusu jua kali, mafundi wetu wamesifiwa sana kwa maneno. Sheria ya mwaka wa 2014 ilitupatia mamlaka ya kusimamia viwango vya kufuzu nchini, KNQA, na leo upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Utaratibu huo ni mwema, ila hautafaa kitu ikiwa mtahiniwa atapimwa kwa kalamu na kwa Kiingereza kitupu. Mtahini na aje Kawangware, atoe distributa ya gari lolote, aseme, "Irudishe." Aidha, wazee kama huyu walipwe ili wafundishe, kwa sababu maarifa yao hayamo katika daftari lolote.

Huenda msomaji akaniambia kwamba distributa ni mambo ya kale. Ni kweli kwamba magari yaliyotumika hayaruhusiwi kuingizwa nchini yakizidi umri wa miaka minane, na cheche ya magari hayo hupangwa na kompyuta. Lakini anayebadilisha mkanda wa taimingi wa gari la kisasa hulinganisha alama kwa msingi uo huo, na akikosea, katika injini nyingi pistoni huzigonga vali na kuzipinda. Asiyejua pistoni iko wapi hataokolewa na kompyuta.

Nilipokuwa nikiondoka, mzee aliniuliza ni nani aliyezipanga waya zile. Nilidhani anataka kumcheka. "Mlete," akasema. "Kosa lake ni la mtu anayefanya kazi. Halina tiba ila kuonyeshwa."

Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana yule kutoka Makina, tukapitia Dagoretti Corner hadi Kawangware. Alikuwa kimya njia nzima, akiogopa kuaibishwa. Mzee hakumsema. Aliitoa tu plagi ya silinda ya kwanza, akamwonyesha tundu. Kijana akaweka kidole gumba, spana ikazunguka, na hewa ilipomsukuma akashtuka.

"Kumbe!" akasema.

Mzee akamwambia azungushe tena, aitafute na ile alama ya uongo, ili azijue zote mbili.