Mikimbio mia ya Nairobi

Kosa lilikuwa langu. Katika zoezi la tafsiri tulipewa habari fupi ya Kiingereza kuhusu Shahid Afridi, mchezaji wa kriketi wa Pakistani, nami nikaandika kwamba mwaka 1996, jijini Nairobi, "alipiga karne ya haraka kuliko zote". Mwalimu alicheka. Wenzangu walicheka kidogo tu, maana wengi wao walikuwa na karne ile ile kwenye madaftari yao. Neno la Kiingereza linalotaja miaka mia ndilo wanalolitumia watu wa kriketi kwa mchezaji aliyefikisha mikimbio mia katika zamu yake moja. Kifaransa, ambacho mara nyingi hutuokoa, safari hii hakikutufaa kitu. Ikabidi niusome mchezo wenyewe, na habari za huyo bwana.

Asiyejua ila mpira wa miguu hahitaji sheria zote ili aelewe yaliyotokea Nairobi. Mpigaji anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu. Mrushaji wa upande wa pili anamtupia mpira akitaka kuviangusha. Mpigaji akiupiga, anakimbilia upande wa pili wa njia, na hapo anahesabiwa mkimbio. Mpira ukifika mpakani kwa kuburuzika au kudunda anapata minne. Ukivuka mpaka bila kugusa ardhi, sita. Lakini mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, ametoka, na hatarudi tena katika zamu hiyo. Hilo ndilo la kushika: pigo la juu, lenye malipo makubwa kuliko yote, ndilo pia linaloweza kumtoa mara moja. Katika mechi ya siku moja kila upande una mipira 300 na watu kumi wa kutolewa. Kila mpigaji anapima mambo mawili kwa wakati mmoja, kukaa na kupata.

Afridi aliitwa Nairobi kwa kazi nyingine kabisa. Mushtaq Ahmed, mrushaji wa mipira ya kuzunguka, alikuwa ameumia, na kijana huyu akaletwa kuziba nafasi. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kenya, hakupata hata zamu ya kupiga. Mechi ya pili, tarehe 4 Oktoba 1996, ilikuwa dhidi ya Sri Lanka, waliokuwa wametwaa Kombe la Dunia mwezi Machi mwaka huo huo kwa mtindo wa kupiga kwa nguvu tangu mwanzo, wakati sheria inawazuia wadakaji wengi kukaa mbali. Pakistani nao walitaka mtu wa kufanya hivyo, wakampandisha Afridi hadi nafasi ya tatu. Alishika gongo la kuazima, la Sachin Tendulkar wa India, lililomfikia kupitia kwa Waqar Younis. Alifikisha mia kwa mipira 37. Alipotoka alikuwa na mikimbio 102 kwa mipira 40, mapigo ya sita 11 na ya minne 6. Ukijumlisha utaona kwamba 90 kati ya hiyo 102 haikuhitaji kukimbia hata hatua moja. Rekodi ilikaa zaidi ya miaka 17, hadi Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36, tarehe 1 Januari 2014.

Ilisemwa kwamba alikuwa na miaka 16. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019 aliandika kwamba alizaliwa 1975, si 1980 kama karatasi zilivyosema, kwa hiyo umri ule hausimami tena. Mipira 37 yenyewe haina ubishi.

Nadhani siku ile ilimgharimu. Aliyekuja kama mrushaji akawa mtu ambaye uwanja mzima unamdai pigo la sita kila anapoingia, naye hakuwa mtu wa kukataa. Hesabu za mechi zake 398 za siku moja zinaonyesha deni hilo lilivyolipwa. Alipata mikimbio 8,064, kwa wastani wa 23.57 kila alipotolewa, na kwa kasi ya mikimbio 117 kwa mipira 100. Tendulkar, mwenye gongo, alimaliza kwa wastani wa 44.83 na kasi ya 86.23. Gawanya mwenyewe: Tendulkar alidumu kama mipira 52 kabla ya kutolewa, Afridi kama 20. Mara 30 alitoka bila mkimbio hata mmoja. Kwa wastani peke yake ungemwita mpigaji wa kawaida. Kwa kasi peke yake ungemwita bingwa wa zama zake. Tafsiri yangu ilikuwa imechukua nusu moja ya habari, na nusu hiyo nayo niliikosea.

Tena kuna kazi ile ya kwanza, ambayo sifa za gongo zimeifunika. Alitoa wapigaji 395 katika mechi hizo za siku moja. Katika Kombe la Dunia la 2011 alikuwa nahodha, na wapigaji 21 aliowatoa walimweka kileleni sawa na Zaheer Khan wa India. Mwaka 2013, huko Guyana, alipiga 76 dhidi ya West Indies, kisha akawatoa wapigaji wao saba kwa mikimbio 12 tu. Nikiulizwa, nitasema alikuwa mrushaji hodari aliyebeba gongo la hatari. Mashabiki wake hawatanikubalia.

Siku ninayoipenda kuliko ile ya Nairobi ni tarehe 21 Juni 2009, fainali ya kombe la dunia la mechi fupi za mipira 120, uwanjani Lord's, London. Wapinzani walikuwa Sri Lanka tena, na Afridi aliingia nafasi ya tatu tena. Pakistani walihitaji 139. Alipiga 54 kwa mipira 40 bila kutolewa, mapigo ya sita mawili na ya minne mawili. Yaani mikimbio 34 aliipata kwa miguu, mmoja mmoja na miwili miwili, kama mtu anayehesabu nauli. Pakistani wakatwaa kombe.

Darasani tulibishana juu ya neno la kumwita. Mwenzangu mmoja alitaka "mshambuliaji", kama wa mpira wa miguu. Nilikataa, kwa sababu mshambuliaji akikosa goli hubaki uwanjani na kujaribu tena. Mpigaji wa namna ya Afridi akikosa, anavua glavu. "Mpigaji mkali" linafaa, ila halisemi lolote juu ya hatari. Mimi niliandika "mpigaji wa kujitosa". Mwalimu aliweka alama ya kuuliza pembeni, hakulifuta. Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: "Mwaka 1996, jijini Nairobi, Shahid Afridi alifikisha mikimbio mia kwa mipira 37."