Volti 10 za kujitengenezea kwa geji za Land Rover ya zamani

Kama nyumbani kwenu kuna Land Rover Series III, hebu angalia geji ya mafuta na ile ya joto la injini. Zikiwa zote mbili zinasoma juu kuliko kawaida, au zote zimelala sifuri, usikimbilie kulaumu tangi wala rejeta. Mshukiwa ni kidude kidogo cha bati nyuma ya dashibodi, kinachozilisha zote mbili umeme wa volti 10. Ikikosea moja tu, hapo ndipo ukague senso yake au geji yenyewe. Na si suala la urembo: geji ikikuonyesha robo tangi kumbe limekauka, utalala porini.

Kwa nini 10 wakati betri ni ya volti 12? Ndani ya geji hizi za Smiths kuna bamba la metali mbili zilizogandamana, limezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita waya unapata moto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, bamba linapinda na kusukuma sindano. Ndiyo maana ukiwasha swichi sindano hupanda taratibu. Sasa, joto hufuata mraba wa volti. Altaneta ikichaji, umeme hufika volti 14 hivi. Gawanya 14 kwa 10, jibu lizidishe kwa lenyewe: 1.96. Joto karibu mara mbili, na mafuta hayajaongezeka hata tone!

Kidude cha zamani kilitatua hili kwa ujanja ninaoupenda sana. Nacho kina bamba la metali mbili: likipata moto linapinda na kukata umeme, likipoa linaurudisha. Kwa hiyo hakitoi volti 10 kamili, kinatoa zote za betri, sifuri, zote, sifuri, ila joto linalopatikana kwenye geji ni kama la volti 10. Ukikipima kwa multimita ya kidijitali, namba zitarukaruka tu. Kwa umri wake, sehemu zinazogusana huungua au kunata.

Mbadala wake ni 7810, kijidude cha miguu mitatu kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Upande wa maandishi ukikutazama na miguu ikiwa chini, kushoto ni umeme kutoka kwenye swichi (pitisha kwenye fyuzi ya ampea 1), katikati ni bodi ya gari, kulia zinatoka volti 10. Lehemu kapasita ya maikrofaradi 0.33 kati ya mguu wa kushoto na wa kati, nyingine ya 0.1 kati ya wa kulia na wa kati.

Zile volti 4 zinazobaki hugeuka joto. Tuseme geji zinavuta ampea 0.2: ni wati 0.8, kwa hiyo kifunge kwa skrubu kwenye bati. Mgongo wake umeungana na mguu wa kati, hivyo kugusa bodi ni sawa. Lakini kwangua rangi kwanza. Mguu huo ukikosa bodi, volti zitapanda karibu na za betri na geji zitadanganya upya.

Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi. Humo usiifunge hivi.

Kabla ya kuunganisha geji, pima mguu wa kulia injini ikiwa inanguruma. Ukiona kati ya 9.6 na 10.4, unganisha.