Nakala Tatu, Ufunguo Mmoja

Simu ya mkazi wa Umoja, Kayole au Pipeline, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ni ofisi nzima. Humo mna picha ya kitambulisho, vyeti vya KCSE, mkataba wa nyumba, jumbe za malipo ya kodi, hesabu za chama, picha za harusi na za matanga, na sauti ya nyanya aliyefariki, iliyorekodiwa Krismasi fulani huko ushago. Ofisi hiyo husafiri kila asubuhi kwa matatu, mara nyingi karibu na dirisha lililo wazi. Makanga wa Jogoo Road hawahitaji takwimu za wizi. Wao husema tu, "Fungeni madirisha," na kila abiria anaelewa.

Wataalamu wana jibu la miaka mingi. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, ambaye kitabu chake kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali kilitoka mara ya kwanza 2005, ndiye anayehusishwa na kanuni ya 3-2-1: weka nakala tatu za kila faili, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyingine. Kanuni ni nzuri na bado inafundishwa. Ila watu wengi huishia kuhesabu nakala peke yake, na Eastlands kuna hesabu inayotangulia: ni tukio gani moja, la dakika kumi, linaloweza kuziondoa zote kwa mpigo? Nakala mbili zinazopotea kwa tukio moja zilikuwa nakala moja tangu mwanzo.

Matukio ya aina hiyo hapa hayahitaji kubuniwa. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa lilianguka Huruma na kuua watu karibu 50. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, na moto ukala makazi na maghala ya jirani. Miezi mitatu baadaye Mto Mathare ulifurika, na walioyakimbia maji wakakutana na tingatinga zilizotumwa kubomoa nyumba za kandokando ya mto. Katika visa hivyo uhai hutangulia faili, na ndivyo inavyopasa. Lakini anayebaki hai hutakiwa kuonyesha kitambulisho kabla wiki haijaisha. Na kuna visa visivyofika kwenye habari: kodi imechelewa, landilodi ametia kufuli lake mlangoni, na laptopu, diski ngumu na bahasha ya vyeti vimebaki ndani kama dhamana. Hadi jana jioni vitu hivyo vilikuwa nakala tatu.

Hapo ndipo wingu huletwa kama dawa. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya inahesabiwa, na mwanzoni mwa 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android zikaanza kuhesabiwa pia. Kwa hiyo akaunti nyingi zimejaa, na zimejaa video za kutakiana asubuhi njema kutoka kundi la kanisa. Cheti cha kuzaliwa kinakosa nafasi kwa sababu ya maua ya waridi yanayometameta.

Nafasi, hata hivyo, hununuliwa. Kinachowaangusha wengi ni ufunguo. Simu ikiporwa karibu na Donholm, mwenyewe ananunua nyingine na kujaribu kuingia kwenye akaunti yake. Kwa kuwa kifaa ni kigeni, Google inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini, na laini imeenda na mwizi. Kuirudisha laini kunahitaji kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa ndani ya kava ya simu. Kupata kingine kunaanza na abstrakti ya polisi, kisha safari ya Huduma Centre ya Makadara, kisha kungoja. Wakati huo wote skani ya kitambulisho iko salama kabisa, kwenye akaunti ileile isiyofunguka. Hakuna mtambo ulioharibika popote katika mzunguko huu. Kila mlango umefanya kazi yake.

Vyama vingi vya akiba hutunza pesa kwenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mwanachama wake, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kumbukumbu zinataka mpango wa kinyume: funguo kadhaa, zikae mahali tofauti, na wowote mmoja utoshe. Google yenyewe hutoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa tarakimu nane na wa kutumika mara moja, na hakuna unaohitaji laini ya simu. Karatasi ya misimbo hiyo, pamoja na nenosiri lililoandikwa kwenye karatasi nyingine na kukaa kwingine, ina faida zaidi kuliko GB 100 za kulipia kila mwezi. Wanaouza nafasi ya mtandaoni hawana haraka ya kutangaza karatasi.

Kuna ufunguo mwingine ambao wengi wamesahau kwamba waliutoa: ule wa kijana wa saiba. Tangu eCitizen ilipoanza 2014, huduma za serikali zimeendelea kuhamia mtandaoni, na anwani nyingi za barua pepe za mtaani zilifunguliwa na mhudumu wa saiba, foleni ikiwa nyuma, nenosiri likiwa jina la mteja na 123 mbele yake. Mhudumu akihamia Ruai, akaunti imehama naye. Kompyuta ya saiba nayo ina folda ya skani: vitambulisho, vyeti vya PIN ya KRA na barua za kazi za watu wasiojuana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina mengi ya kusema kuhusu folda ile; folda haijaisoma. Kwa kanuni ya Krogh hiyo pia ni nakala iliyo mbali na nyumbani, ila wanaoweza kuifungua ni wengi mno. Badilisha nenosiri, weka namba na barua pepe zako za kurejesha akaunti, na siku nyingine ukiskani, hamisha faili kisha ufute ya saiba mpaka kwenye pipa la taka. Flashi inayoingia saiba isiwe ileile inayotunza kumbukumbu, maana huko virusi hupanda bila nauli.

Baada ya funguo, kazi ndefu ni kukusanya. Karibu kila nyumba ina droo yenye simu ya zamani iliyovunjika kioo, nyingine iliyovimba betri, kadi ya memori isiyojulikana ni ya nani, na flashi ya mahubiri. Betri iliyovimba isichajiwe. Apelekewe fundi, atafute njia nyingine ya kuiwasha simu. Nakili kila kitu mahali pamoja kwanza, kufuta kuje baadaye, kwa kuwa anayeanza kwa kufuta huamua thamani ya picha ambazo bado hajazitazama. Folda moja kwa kila mwaka inatosha, na folda moja ya hati ambayo majina yake mtu mwingine anaweza kuyasoma. Faili inayoitwa "cheti-cha-kuzaliwa-mtoto-wa-pili" itapatikana. Inayoitwa "IMG" na tarakimu kumi itatafutwa siku ya kusajili mtoto shuleni, mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu.

Picha zilizopitia WhatsApp zina dosari yake. Programu hiyo hukandamiza picha ili isafiri upesi, na njiani huondoa tarehe na mahali ilipopigwa. Picha asili iko kwa aliyeipiga. Aombwe aitume kama hati, siyo kama picha. Nazo zile za karatasi, kwenye albamu za familia zilizokaa Kaloleni au Jericho tangu enzi za wazazi, zipigwe mbele na nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kuliko na majina. Na zisiachwe mahali pamoja tu. Mpigapicha wa Nairobi Priya Ramrakha aliuawa kazini katika vita vya Biafra, Oktoba 1968. Maelfu ya picha zake yalikaa miongo kadhaa kwenye gereji jijini hadi mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi alipoyafukua, na kitabu cha hazina hiyo kikatoka 2018. Gereji ile haikuungua, haikufurika, na vilivyokuwemo havikutupwa wakati wa kuhama. Hizo ni bahati tatu. Mpangaji wa Eastlands hawezi kuzitegemea zote.

Nakala ya nyumbani inunuliwe kwa macho makavu. Katikati ya jiji zinauzwa flashi zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Flashi ya uongo haikatai faili. Huzipokea zote kwa adabu, kisha huandika mpya juu ya za zamani, na orodha ya majina hubaki kamili wakati yaliyomo yameshaondoka. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi mpya na kuisoma tena ili kupima ukweli wake. Ifanyiwe hivyo kabla risiti haijapotea. Kwa hifadhi ya miaka, diski ngumu ya kawaida ni afadhali kuliko flashi iliyosahauliwa kabatini, mradi isiangushwe ikiwa inazunguka. Nayo ifungwe kwa nenosiri, kwa sababu diski pia huporwa.

Kupandisha mtandaoni kuna hesabu yake. GB 50 za picha kwa kasi ya Mbps 5 huchukua kama saa 22, ikiwa jirani anayechangia WiFi hiyo hatatazama mpira. Kwa bando la simu ni anasa. Basi zitangulie hati, ambazo kwa familia nzima mara nyingi hazifiki GB 1, kisha picha chache zisizo na mbadala. Harusi ya binamu inaweza kungoja. Ikumbukwe pia kwamba Google Photos hufuatana na simu: ukifuta picha ndani ya programu hiyo, inafutika simuni na mtandaoni pia, na hukaa kwenye pipa la taka siku 60 tu. Mtoto mwenye kidole chepesi anaweza kuzifikia nakala mbili kwa mguso mmoja.

Wala wingu halipatikani kila siku. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni, mtandao uliyumba tena. Na wanaodhani wakubwa hawapotezi kitu watazame Korea Kusini: Septemba 26, 2025, kituo cha data cha serikali mjini Daejeon kiliungua na TB 858 za faili za watumishi wa umma zikapotea. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kuwekewa nakala kwingine. Ni hoja ileile ya mwenye simu iliyojaa, isipokuwa yeye hana wizara.

Nakala ya mbali, kwa bahati, Eastlands tayari ina desturi yake. Hati ya shamba na vyeti asili vya watu wengi wa mitaa hii havijawahi kukaa Nairobi. Viko ushago, kwenye sanduku la mama, kwa kuwa nyumba ya kupanga haikuaminiwa tangu zamani. Diski mbili zinatosha kuiendeleza desturi hiyo: moja ibaki ushago, nyingine mjini, zibadilishane Pasaka na Krismasi. Safari ipo tayari na nauli imeshalipwa. Karatasi ya misimbo nayo iingie kwenye sanduku hilohilo.

Funguo pia zifikirie kifo. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili. Tangu 2013 imeruhusu mtu kuwateua wengine watakaopewa data yake akinyamaza kwa muda anaouchagua mwenyewe. Familia zinazogombania kiwanja mahakamani huenda zisigombanie picha, lakini risiti za kiwanja hicho ziko kwenye akaunti ileile.

Mpango huu upimwe kabla haujahitajika. Azima simu ya mtu, weka yako na laini yake kando, kisha ujaribu kufungua cheti kimoja na picha moja ya zamani. Ukishindwa, anza na karatasi ya misimbo leo. Diski inaweza kungoja mwisho wa mwezi.