Mboga zisizopigwa dawa: Je, ni salama kweli?

Ukienda sokoni kununua sukuma wiki, huenda wewe ni miongoni mwa kina mama wanaotafuta jani lenye matundu. Hoja yao ni kwamba lililoliwa na mdudu haliwezi kuwa na sumu. Ina ukweli wake, lakini haitoshi.

Fikiria jinsi mboga hii inavyovunwa. Majani ya chini huchumwa kila wiki huku ya juu yakiendelea kukua. Mkulima akipiga dawa Jumatatu, Ijumaa ana majani ya kuuza, ilhali maagizo kwenye mkebe wa dawa humtaka angoje idadi fulani ya siku kabla ya kuvuna. Mwenye karo ya kulipa haingoji! Kuosha kwa maji mengi hupunguza dawa iliyo juu ya jani, lakini zipo dawa zinazopenya ndani, na hizo hazioshwi.

Hapo ndipo mboga za kilimo hai, zinazokuzwa bila dawa wala mbolea za viwandani, zina faida. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200. Waligundua kwamba vyakula hivyo huwa na mabaki machache ya dawa. Hata hivyo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba vina vitamini zaidi. Anayekuuzia kwa bei maradufu akidai vina nguvu zaidi, mwulize amejuaje.

Tena, kukosa dawa si kukosa madhara. Samadi mbichi hubeba viini vya magonjwa na mayai ya minyoo. Sukuma utaipika, lakini dhania ya kachumbari je? Na mboga iliyonyweshwa maji taka kando ya mto jijini inaweza kuwa na matundu tele.

Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika mikoa ya Mashariki na Kati nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Mengi yalikuwa mahindi ya shambani kwao, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Kwa hivyo, mama, mwulize mwuzaji mboga zilikotoka, zilinyweshwa maji gani na zilipigwa dawa lini. Dukani, tafuta alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Lakini ikiwa bei itawafanya watoto wapate nusu ya mboga, nunua zile za kawaida, uzioshe vizuri.

Mwenye nafasi hata ya gunia moja uani ana njia nyingine. Lijaze udongo na samadi iliyooza kabisa, upandikize miche. Baada ya miezi miwili hivi utaanza kuchuma, na viwavi utawatoa kwa mkono.