Mpira wa Petroli kwenye Beetle Kuukuu

Volkswagen Beetle ina tangi mbele na injini nyuma, hivyo petroli husafiri karibu urefu wote wa gari ndani ya bomba jembamba la chuma lililofichwa katikati ya sakafu. Bomba hilo ni gumu na hudumu sana. Hatari iko kwenye vipande vya mpira vinavyoliunganisha na tangi kwa mbele, kisha na pampu na kabureta kwa nyuma. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Mpira ambao haujawahi kubadilishwa, hata kwenye gari hilo changa kuliko yote, umeshapita umri wake.

Fungua kifuniko cha injini utazame. Pampu ya mafuta imekaa jirani na distributa, na mpira unaopanda kwenda kwenye kabureta unapita papo hapo. Ukipasuka injini ikiwa inaunguruma, pampu itaendelea kusukuma petroli, nayo itamwagika penye joto na cheche. Kasha la injini hii ni la aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto, maji huuzidisha. Gari huteketea mbele ya macho ya mwenyewe.

Wapenzi wa gari hili Afrika Mashariki, ambako lilitwaa Safari Rally mwaka 1962, hupenda kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Nawaelewa kabisa. Lakini mpira wa asili umevikwa kitambaa kilichofumwa, na kitambaa hicho huficha nyufa. Nje unaonekana mzima, ndani umekauka na kumeguka. Ethanoli inayochanganywa kwenye petroli za siku hizi huuharakisha uchakavu huo. Uingereza, kwa mfano, kiwango cha hadi asilimia 10 kimekuwa cha kawaida tangu Septemba 2021.

Dukani usiombe "mpira wa mafuta" tu. Tafuta ulioandikwa SAE J30 R9, wenye tabaka la ndani linalostahimili ethanoli. Kipenyo cha ndani kwa Beetle ya kabureta ni milimita 5. Muuzaji akikupa wa 6 akisema klipu itaukaza, mrudishie. Klipu nazo ziwe za kingo laini, maana zenye meno hukata mpira taratibu.

Kazi ifanyike nje, injini ikiwa baridi, betri imechomolewa. Badilisha vipande vyote, hasa kile cha karibu na giaboksi, ambacho mafundi wengi hukiruka kwa sababu hakionekani bila kuinama chini ya gari. Mpira ukishatoka, jaribu kuzungusha kwa vidole kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta. Kikizunguka, kimelegea, na mpira mpya hautasaidia kitu mpaka kikazwe ipasavyo. Chujio la plastiki linaloning'inia kati ya pampu na kabureta liondolewe: uzito na mtikisiko wake ndivyo vinavyokivuta kijibomba hicho. Mahali pake ni mbali na injini.

Kisha washa, umulike kila kiungo kwa tochi, na urudie ukaguzi huo injini ikishapata moto.

Kama umenunua Beetle na hujui mpira wake uliwekwa lini, usiiendeshe hadi nyumbani. Badilisha kwanza.