Jiko la nyumba ya kupangisha: ukarabati uishie wapi?

Ndugu zetu wengi walioko Uingereza wamejikuta wenye nyumba bila kukusudia. Mtu alinunua flati ndogo, watoto wakaongezeka, akahamia penye nafasi na ile ya kwanza akaipangisha. Mpangaji akitoka, linalomkabili kwanza ni jiko. Livunjwe lote lijengwe jipya, au lipakwe rangi tu?

Kwa maoni yetu, wengi hukosea kwa kuliangalia jiko kana kwamba wao ndio watakaopika humo. Mwenye nyumba anachotakiwa kujiuliza ni kama fedha itarudi, na lini.

Tuchukue mfano. Tuseme jiko jipya ni pauni 6,000, na kodi ya pango itapanda kwa pauni 50 kwa mwezi. Hiyo ni pauni 600 kwa mwaka, yaani miaka kumi kabla fedha haijarudi, na makabati yenyewe yatakuwa yamekwisha kuchoka. Lakini ikiwa ubovu wa jiko unaifanya flati ya pauni 1,000 kwa mwezi ikae tupu miezi miwili kila mpangaji anapohama, basi kila kuhama kunakula pauni 2,000. Hapo hesabu inageuka.

Yapo mambo yasiyo na mjadala. Nchini England, vifaa vya gesi vya mwenye nyumba hukaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, na umeme angalau kila miaka mitano. Tangu Oktoba 2022, chumba chenye boila ya gesi kinatakiwa kiwe na king'ora cha hewa ya kaboni monoksaidi. Sinki, mabomba na nyaya ni juu ya mwenye nyumba kwa sheria ya mwaka 1985, hata kama mkataba umeandika vingine. Fedha ya haya hutoka hata kama kodi haipandi hata senti moja.

Baada ya hapo, fungua kabati la chini ya sinki na uguse mbao za nyuma. Zikiwa kavu na ngumu, maboksi ya makabati bado ni mazima: badilisha milango, vishikio, bomba na ubao wa juu, paka rangi, na jiko litaonekana jipya kwa sehemu ndogo ya gharama. Zikiwa zimevimba na kumeguka, usipoteze rangi yako. Tafuta kwanza maji yanavuja wapi.

Kitu kimoja ambacho hatungekifanyia ubahili ni feni. Wapangaji wengi wa flati hizi ni watu wetu wenyewe, na sisi hatuli mikate mitupu. Chapati, sambusa, samaki wa kukaanga na sufuria la wali linalochemka, huku madirisha yamefungwa kwa baridi ya Januari, huleta mvuke na mafuta ukutani, kisha kuvu nyeusi, kisha ugomvi kuhusu nani alaumiwe. Feni iwe ya kutupa hewa nje kabisa, siyo ile inayoichuja na kuirudisha humo humo.

Marumaru ya fahari juu ya makabati tungeyaacha. Tangu mwaka 2019, amana ya kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Kwa flati ya pauni 1,000 ni kama pauni 1,150. Sufuria moja zito likianguka vibaya, amana yote imekwenda na bado haitoshi.

Kuna pia idara ya kodi ya mapato. Kubadilisha jiko lililochakaa kwa jingine la kiwang'o kile kile huhesabiwa matengenezo, na gharama yake hupunguzwa katika mapato ya pango ya mwaka huo. Makabati ya nyongeza, au jiko la kawaida kugeuzwa la kifahari, ni uboreshaji, na nafuu yake husubiri hadi siku ya kuuza nyumba. Kwa hiyo fundi aandike bei ya kila kitu mbali mbali, na risiti zitunzwe.

Na kabla mpangaji hajarudisha funguo, muulize nini kilimsumbua jikoni. Yeye ndiye aliyepika humo kila siku, na mara nyingi jibu lake ni bawaba, taa au soketi ya umeme isiyofika penye birika.