Mama, Je, Unaielewa Lugha ya Mbwa Wako?

Mageti mengi ya mijini yana kibao kilichoandikwa "Mbwa Mkali". Mgeni akikisoma hupiga hodi akiwa mbali. Lakini mtoto wa nyumba hiyo haogopi kibao. Kwake yeye, Simba au Bobi ni rafiki wa kukumbatiwa, kuvutwa mkia na kupandwa mgongoni. Ndiyo maana sisi wauguzi tukimuuliza mtoto aliyeng'atwa ni mbwa gani, mara nyingi hujibu, "Mbwa wetu," au "Mbwa wa jirani." Naye mama huongeza, "Amemng'ata ghafla tu, hakuwa na ukali."

Akina mama wenzangu, ni mara chache mbwa mwenye afya hung'ata bila kuonya. Kwa kuwa hana maneno, huonya kwa macho, masikio, mdomo, mkia na mwili mzima. Tukiijua lugha hiyo tutawaepusha watoto wetu na maumivu mengi.

DALILI ZA MWANZO

Mbwa anapoanza kukosa raha, dalili zake ni ndogo na ni rahisi kuzipuuza. Hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hulamba pua na midomo ingawa hakuna chakula. Hugeuza uso pembeni, au huinua mguu mmoja wa mbele. Huhema ulimi nje hata kama hakuna joto. Hujikung'uta kama aliyetoka majini. Turid Rugaas, mwanamke wa Norwe aliyefundisha mbwa kwa miaka mingi, aliziita nyingi za dalili hizi ishara za kutuliza, kwa sababu mbwa huzitumia kujituliza mwenyewe na kumwomba mwenzake apunguze kishindo.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 3 aliyemkumbatia mbwa shingoni. Watu wazima wanacheka na kupiga picha. Mtazame mbwa: amegeuza kichwa, analamba pua, na weupe wa jicho lake unaonekana pembeni. Kwa mtoto huo ni upendo. Kwa mbwa ni kubanwa. Mwite mtoto wako kwa upole aje kwako.

DALILI ZA HATARI

Asiposikilizwa, mbwa huongeza onyo. Hulaza masikio nyuma, hufyata mkia na kujikunyata. Halafu mwili hukakamaa, macho hukodoa, nywele za mgongoni husimama, hukunja midomo, huonyesha meno na kunguruma. Hapo hatua inayofuata ni kung'ata.

Usidanganywe na mkia. Mbwa mwenye furaha hutikisa mkia pamoja na kiuno, na mwili wake umelegea. Mkia uliosimama wima na kutikisika huku mwili umekakamaa si furaha.

Tena, usimchape mbwa kwa sababu amenguruma. Ukimchapa atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila kuonya. Mwondoe mtoto kwanza, kisha utafute sababu.

KINACHOMSUMBUA

Mbwa wetu wengi hufungwa mnyororo au bandani mchana kutwa. Wengine wana njaa, kiu, kupe au kidonda kisichoonekana. Jike anayenyonyesha huwa na wasiwasi juu ya watoto wake. Fataki, wageni wengi wa sherehe, na watoto wanaorusha mawe humsumbua pia. Mpe maji, kivuli, chakula cha kutosha na mahali pa kujificha ambapo watoto hawafiki.

WAFUNDISHE WATOTO

1. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi.
2. Mbwa aliyefungwa hachokozwi.
3. Mbwa asiyekufahamu akikujia, usikimbie wala kupiga kelele. Simama kama mti, mikono ubavuni, macho chini.
4. Akikuangusha, jikunje kama jiwe na ufunike shingo na masikio kwa mikono.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata aliye mpole.

AKING'ATA

Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake pilipili, jivu wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo, ukaulizie chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Dalili zake zikishaanza kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikiwahi, huzuia.

Tofautisha wasiwasi na ugonjwa. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, au anayezurura akiuma hata miti, usimkaribie. Toa taarifa kwa daktari wa mifugo. Mbwa wako naye apate chanjo akiwa na umri wa miezi 3, na irudiwe kila mwaka.

Jioni moja wiki hii, keti barazani na watoto wako, mmtazame mbwa wenu kwa mbali. Waulize: masikio yako wapi? Mkia ukoje? Mwili umelegea au umekakamaa? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo atajua wakati wa kumwacha mbwa apumzike.